Nunua Haihati Kwanza, Seti Nzima Isubiri

Mpiga dramu mwenye fedha kidogo hushawishika kwa urahisi na boksi lenye matoazi matatu au manne, ambalo huuzwa kwa bei inayokaribiana na ya toazi moja la maana. Mimi ni mpinzani wa boksi hilo. Kwa maoni yangu, fedha hizo zinunue jozi moja ya haihati ya bronzi iliyokwisha kutumika, yaani matoazi mawili yanayofunguka na kufungwa kwa mguu, hata kama mpigaji atalazimika kukaa muda mrefu na krashi yake ya zamani, yaani toazi la kupiga kishindo.

Tofauti huanzia kwenye madini. Matoazi ya bei ya chini kabisa, kama yale ya HCS ya kampuni ya Meinl au SBR ya kampuni ya Sabian, hutengenezwa kwa brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na mlio wake huwa umefifia na hukatika mapema. Juu ya hayo yapo ya bronzi, ambayo ni shaba na bati, na namba inayofuata herufi B katika jina la bronzi huonyesha asilimia ya bati: B8 ina asilimia 8, na B20 ina asilimia 20. B20 ndiyo bronzi ya jadi ya Uturuki, ambako ukoo wa Zildjian ulianza kazi hii mjini Istanbul mwaka 1623. Wauzaji wengi hukomea hapo, wakidai kwamba kadiri bati linavyozidi ndivyo toazi linavyokuwa bora. Dai hilo halisimami. Matoazi ya kampuni ya Paiste yaitwayo "2002", yaliyotoka mwaka 1971 na kupigwa na John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, ni ya B8, na bei yake inatisha. Kinachoyatenganisha na B8 za bei nafuu ni kazi ya nyundo na ya kuchonga inayofanyika baada ya bamba kukatwa, na kazi hiyo huijui kwa kusoma maandishi yaliyo juu ya toazi. Unaijua kwa kulipiga.

Kwa nini haihati? Kwa sababu katika kwaya ya kanisani, na hata katika bendi ya dansi, mkono wa mpigaji hukaa hapo karibu wimbo mzima, ilhali krashi hupigwa pale tu wimbo unapogeuka. Krashi mbaya huudhi kwa nukta chache na kusahauliwa, lakini haihati mbaya husumbua ibada nzima, na fundi wa mitambo akishaweka maikrofoni juu ya dramu hana namna ya kuificha.

Ninapendekeza iliyotumika kwa sababu bronzi haichakai upesi kama ngozi ya dramu. Toazi lililopigwa miaka 20 bila kupasuka bado ni toazi zima, na wengine tunapenda sauti yake zaidi kwa kuwa ukali wake umepungua. Weusi na alama za vidole visikutishe. Vitumie kuombea punguzo. Cha kuogopa ni ufa. Pitisha ukucha polepole kuzunguka ukingo wote, juu na chini, kisha chunguza tundu la katikati, kwa maana toazi lililofungwa bila mpira wa kulikinga na chuma cha stendi huliwa taratibu hadi tundu likapoteza uduara wake. Mwisho, lining'inize kwenye kidole na uligonge kwa fimbo: likitoa mlio wa kukwaruza unaokatika ghafla, mrudishie mwenyewe, hata akikushushia bei.

Kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani haina sababu ya kulitaja, nalo ni majengo yetu. Chini ya paa la mabati, juu ya sakafu ya saruji, toazi zito lenye sauti kali huwafanya waumini wa viti vya mbele wakunje uso. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua jembamba, ambalo huitika hata likiguswa kidogo, ingawa ukilipiga kwa hasira litapasuka mapema kuliko zito.

Wenye ndugu ughaibuni wana faida nyingine. Haihati ya inchi 14 ina upana wa sentimita 36 hivi, kwa hiyo hulala vizuri ndani ya sanduku la safari katikati ya nguo, ilhali raidi, yaani toazi kubwa la kushikilia mapigo, ya inchi 20 huzidi nusu mita na huanza kuwa mzigo wa mabishano uwanja wa ndege.

Haihati ikishapatikana, toazi la pili liwe krashi nyembamba ya inchi 18, ambayo ikipigwa katikati kwa ncha ya fimbo huweza kushika kazi ya raidi kwa muda. Na kabla ya kuifunga, kata kipande cha mpira mwembamba wa maji, ukivishe kwenye chuma cha stendi, kisha usiikaze nati ya juu. Toazi linatakiwa liyumbe.