Nyanya, mbegu za maboga na tezi dume: chakula kinafika wapi?

Orodha nyingi za vyakula vya kulinda tezi dume huchanganya magonjwa mawili yasiyofanana. Tezi kutanuka kwa sababu ya umri hubana njia ya mkojo, mtu akaamka usiku mara tatu au nne. Saratani ni jambo jingine, na mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Chakula kikipunguza hatari ya ugonjwa mmoja, hakijawa dawa ya mwingine.

Hata hivyo, wanaokitetea chakula hawasemi ovyo. Mwaka 1995 watafiti wa Harvard waliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 walikuta kwamba waliokula sosi ya nyanya mara kwa mara walipata saratani ya tezi dume kwa uchache zaidi. Sifa ikaiendea laikopini, ile rangi nyekundu ya nyanya. Hapa upishi una uzito wake: laikopini imefungwa ndani ya seli, na huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Katakata nyanya nne zilizoiva bila kuzimenya, kwa kuwa ganda lina laikopini nyingi, kisha zipike kwa moto mdogo na kijiko kikubwa cha mafuta hadi zirojeke na mafuta yageuke rangi ya chungwa. Nyanya mbichi zikiliwa bila mafuta yoyote, laikopini inayofyonzwa ni kidogo. Sosi ya chupa nayo mara nyingi huja na sukari na chumvi za kutosha. Jambo lisilosemwa sana: kwa baadhi ya watu uchachu wa nyanya huchokoza kibofu, wakazidi kukimbilia chooni.

Sasa upande wa pili. Mla sosi huenda ndiye pia asiyevuta sigara na anayefanya mazoezi. Kumfuatilia tu hakuonyeshi kilichomkinga. Majaribio yanayogawa watu kwa kura ndiyo hutenganisha mambo hayo, na matokeo yake hayajawa ya kutia moyo. Katika jaribio la MEAL, wanaume 478 wenye saratani ya hatua ya mwanzo walishiriki, na kundi moja likahimizwa kula angalau sehemu saba za mboga kwa siku kwa miaka miwili. Matokeo ya 2020 hayakuonyesha tofauti ya maana katika kuendelea kwa saratani. Vidonge vilifanya vibaya zaidi: katika jaribio la SELECT, lenye wanaume zaidi ya 35,000, waliopewa vitamini E yuniti 400 kwa siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Mbegu za maboga husifiwa kwa zinki. Konzi ya gramu 30 ina takriban miligramu 2, na mwanamume anahitaji 11 kwa siku. Ni kitafunio kizuri, basi. Vidonge vya zinki vinavyozidi miligramu 100 kwa siku vimehusishwa na saratani ya tezi dume iliyofika hatua ya juu.

Kwa anayesumbuliwa na mkojo wa usiku, kuacha kunywa saa mbili kabla ya kulala na kupunguza kahawa na pombe jioni kwa kawaida humpa nafuu ya haraka kuliko mbegu. Ila dalili za tezi iliyotanuka hupanda na kushuka zenyewe, kwa hiyo nafuu ya miezi miwili si sababu ya kuahirisha kipimo cha PSA (cha damu, cha kuchunguza tezi dume) alichoshauriwa na daktari. Damu kwenye mkojo, au mkojo kuziba kabisa, ni hospitali siku hiyohiyo.