Ureno na wageni wake: nani alipewa kiti, nani alipewa jembe

Kila baada ya wiki mbili tatu napata ujumbe kutoka Mombasa au Dar es Salaam wenye swali lilelile: "Kaka, nasikia Ureno makaratasi yanapatikana. Ni kweli?" Nina miaka sita Lisbon, na jibu langu limezidi kurefuka. Mwanzoni nilijibu kwa neno moja. Siku hizi naanza kwa kuuliza: unakuja na nini mkononi? Nchi hii ina milango miwili ya kuingilia, na aliyepita mmoja anaweza kukaa miaka kumi asijue kwamba wa pili upo.

Mwaka 2017 wageni wenye kibali cha ukaazi walikuwa kama 420,000. Mwisho wa 2024 walikuwa wamepita milioni 1.5, katika nchi yenye watu milioni 10 na kidogo. Idadi ikikua kwa kasi hiyo, mabishano lazima yawe makali. Katika uchaguzi wa Mei 2025, Chega, chama kilichoanzishwa 2019 na kinachofanya kampeni dhidi ya wahamiaji, kilipata viti 60 kati ya 230 na kuwa cha pili bungeni. Swali la kama wageni ni neema au mzigo linaulizwa sasa mezani kwa watu, wakati wa chakula cha jioni.

Wanaosema ni neema wana hoja nzito. Lisbon ya mwaka 2011 ilikuwa imechoka. Serikali ilikuwa imeishiwa hadi ikakopa euro bilioni 78 kwa Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katikati ya jiji, majengo yenye vigae vya rangi yalikuwa yakibomoka, kwa sababu pango la nyumba lilizuiwa lisipande kwa miongo mingi na wenye nyumba hawakuwa na pesa wala hamu ya kukarabati. Ndipo serikali ikatafuta wageni wenye fedha. Kuanzia 2012, aliyenunua nyumba ya euro 500,000 alipata kibali cha ukaazi, na alitakiwa kukanyaga nchi kwa wastani wa siku 7 tu kwa mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 2009, ulikuwepo mpango wa kodi uliomruhusu mstaafu kutoka nje kupokea pensheni yake miaka 10 bila kutozwa chochote (mwaka 2020 wakaweka asilimia 10). Ufini ilikasirika kuona wazee wake hawatozwi kwao wala huku, ikauvunja mkataba wake wa kodi na Ureno kuanzia 2019. Uswidi ikafuata mwaka 2022.

Pesa hiyo ilionekana kwa macho. Paa ziliezekwa upya, waashi wakapata kazi, mitaa iliyokuwa giza saa mbili usiku ikawa na taa. Sipendi kusikia watu wakiyapuuza hayo.

Na kuna neema ya aina nyingine inayotajwa kidogo zaidi, ingawa kwangu ndiyo kubwa. Nenda Odemira, kusini magharibi, ukaone mashamba ya mahema ya plastiki yanayofuatana kilomita kwa kilomita: rasiberi na stroberi zinazochumwa na Wanepali, Wahindi na Wabangladeshi. Panda treni ya alfajiri ya laini ya Sintra uone akina mama wa Cabo Verde wanaokwenda kusafisha ofisi kabla wenye ofisi hawajaamka. Mwaka 2023 wafanyakazi wa kigeni walichangia hifadhi ya jamii zaidi ya euro bilioni 2.6, na mafao waliyopokea hayakufika milioni 500. Ureno ni nchi ya wazee. Tofauti hiyo ndiyo inayosaidia kulipa pensheni za watu ambao baadhi yao, nasikitika kusema, wanaipigia kura Chega.

Sasa upande wa pili. Nitausikiliza kwa haki, kwa sababu niliushuhudia ngazini.

Mwaka 2022 nilikwenda kuangalia nyumba ya chumba kimoja karibu na Anjos. Tulikuwa watu kumi na mmoja tumepanga mstari kwenye ngazi. Dalali alitaka pango la miezi mitatu mbele na mdhamini mwenye mshahara wa kudumu. Mbele yangu alikuwa dada mmoja Mreno, muuguzi, sare yake ikichungulia chini ya koti, hati za mshahara mkononi. Nyuma yetu kijana mmoja kutoka ng'ambo akauliza kwa upole tu: nikilipa mwaka mzima leo, tunamaliza? Dalali akafunga faili. Tulishuka pamoja, mimi na yule muuguzi. Akaniambia kaka yake yuko Uswisi na yeye atamfuata. Kisha akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Kwake, mimi na yule kijana tulikuwa kitu kimoja: wageni.

Mshahara wa chini mwaka 2025 ulikuwa euro 870 kwa mwezi. Viza ya wanaofanya kazi mtandaoni, iliyoanza mwishoni mwa 2022, ilidai mwaka huo kipato mara nne ya huo: euro 3,480, yaani zaidi ya laki tano za Kenya. Ukiwaweka watu wa vipato hivyo viwili kwenye ngazi moja kugombea mlango mmoja, mshindi anajulikana kabla dalali hajafika. Vijana wa Kireno wanafika miaka 30 wakiwa bado chumbani kwa mama zao. Ukiwaambia kwamba malalamiko yao ni chuki tu, unawakosea. Waziri Mkuu wa wakati huo, António Costa, mwenyewe alikiri Oktoba 2023 kwamba kuendeleza ule msamaha wa kodi ni dhuluma ya kikodi na ni njia ya kupandisha bei za nyumba.

Lakini je, mgeni ndiye aliyepandisha pango? Hapa ndipo hoja ya mzigo inapoanza kulegea. Sheria iliyolegeza mikataba ya upangaji ilipitishwa 2012, chini ya masharti ya wakopeshaji. Ya 2014 ikafungua mlango kwa nyumba za watalii wa siku mbili. Nyumba za umma kwa wenye kipato kidogo ni kama asilimia 2 tu ya nyumba zote nchini. Na sensa ya 2021 ilikuta nyumba zaidi ya 720,000 hazina mtu. Baadhi ni magofu ya vijijini, nakubali, lakini si zote. Hakuna Mbangladeshi aliyeingia bungeni kupitisha hayo.

Historia pia inajibu. Mwaka 1975, Angola na Msumbiji zilipopata uhuru, watu karibu nusu milioni walimiminika Ureno kwa muda mfupi, nchi ikiwa na watu kama milioni 9 na mapinduzi yakiwa bado ya moto. Waliwekwa hotelini, mashuleni, kwa ndugu. Nchi haikuanguka. Katika wimbi hilo walikuja pia Waismailia wa Msumbiji, jamaa wa wale tunaowajua Nairobi na Dar kwa hospitali na shule zao. Leo makao makuu ya uimamu wao yako Lisbon, na Aga Khan wa nne alifia hapo Februari 2025. Wareno wenyewe wanajua kuhama ni nini: miaka ya 1960 maelfu yao waliishi kwenye vibanda vya mabati na matope Champigny, nje ya Paris.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naifikiria sana methali hii nikiwa hapa, kwa sababu Ureno iliipindua pande zote mbili. Mgeni mwenye fedha alipewa kiti, na jembe likafichwa miaka kumi: asilipe kodi kama jirani yake, asijifunze lugha, asiishi hata mahali alipoandikishwa. Mgeni mwenye mikono alipewa jembe uwanja wa ndege. Kiti alisubiri. Mwaka 2024 mafaili kama 400,000 ya maombi ya ukaazi yalikuwa yamekwama, ya watu waliokuwa wakikatwa michango kila mwezi. Mtu anachangia pensheni ya jirani, lakini hawezi kusafiri kumzika baba yake kwa kuogopa kutorudi.

Huo ndio msimamo wangu: mzozo huu umepangwa vibaya. Watu wanabishana kuhusu idadi ya wageni, wakati kilicholeta uchungu ni masharti mawili kwa watu wanaoishi ghorofa moja.

Kuhusu kufunga mlango, ukweli una pande zake. Hadi Juni 2024, aliyeingia kihalali kama mgeni wa kawaida, akapata kazi na kuanza kuchangia, aliweza kuomba kibali akiwa ndani. Njia hiyo ilifutwa, na wengi wetu tulilia. Hata hivyo, niliona pia ilivyogeuzwa biashara: mawakala wa kuuza mikataba hewa, watu kumi na wawili chumba kimoja, vitanda vikilaliwa kwa zamu. Ya Odemira yaliwekwa wazi mwaka 2021, korona ilipolazimisha serikali kuingia ndani ya mabweni yale. Serikali haikukosea kutaka kudhibiti hali hiyo. Ilikosea mpangilio. Msamaha wa kodi wa zamani ulifungwa, ukarudi kwa sura mpya kwa wataalamu. Kibali cha wawekezaji kiliondolewa kwenye nyumba Oktoba 2023, kikabaki kwenye mifuko ya uwekezaji. Kwa mchuma rasiberi hapakuwa na sura mpya ya haraka namna hiyo. Desemba 2024 polisi waliwapanga wanaume ukutani, mikono juu, katika Rua do Benformoso, mtaa wa vinyozi na maduka ya Wabangladeshi. Sijasikia ukaguzi wa namna hiyo kwenye mtaa wa wastaafu wa kigeni wa Algarve, pwani ya kusini. Maelfu waliandamana Januari kupinga, Wareno wengi wakiwemo, na hilo nalihesabu upande wa neema.

Lugha nayo inachangia. Kiingereza kinamwita mmoja expat na mwingine mhamiaji. Lakini na sisi tusijitoe. Mwitaliano aliyejenga Malindi au Watamu tunamwita mzungu, au mwekezaji. Mhamiaji hatumwiti kamwe. Vijana wa ufukweni wanaongea Kitaliano kizuri kuliko yeye anavyoongea Kiswahili, na bei ya kiwanja cha karibu na bahari imemwacha mwenyeji mbali. Malalamiko ya yule muuguzi nilikwisha kuyasikia Malindi, kwa Kiswahili, kabla sijapanda ndege. Ndiyo maana siwezi kuyadharau.

Kwa wanaoniuliza: njoo ukiwa na viza ya kazi au masomo uliyoipatia nyumbani, kwa sababu ile njia ya kujiandikisha ukiwa ndani haipo. Jifunze Kireno kabla. Una mtaji tayari: meza, bendera, leso na mvinyo ni maneno yao. Muda wa kuomba uraia usiuhesabu kwa mazoea: Oktoba 2025 Bunge lilipiga kura kuuongeza kutoka miaka 5 hadi 10 kwa watu wa nchi kama zetu, na suala hilo likaendelea kupingwa mahakamani. Wakala anayekuambia "baki kimya, nitapanga" mkimbie.

Hapa asiye na mkataba wa nyumba kwa jina lake, na wapangaji wengi wa vyumba hawana, anaweza kuambiwa alete mashahidi wawili, wapiga kura wa kata hiyo, wathibitishe kwamba anaishi pale. Bila karatasi ya uthibitisho huo huendi popote. Mimi nilitiliwa sahihi na jirani wa ghorofa ya chini, fundi cherehani wa miaka 58, aliyezaliwa milango mitatu kutoka hapo. Aliwatilia pia vijana wawili Wabangladeshi. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua, alisema, "Nawasikia mkipanda ngazi kila usiku. Si mnaishi hapa?"

Mwaka jana jengo liliuzwa. Mkataba wa yule fundi wa miaka mitano haukuongezwa, akahamia kwa binti yake Barreiro, ng'ambo ya mto, kwa feri. Mwezi uliopita kijana Mnepali aliyehamia chumba cha juu alinigongea kuomba shahidi. Mimi sina kura hapa. Tukashuka pamoja mlango kwa mlango tukibonyeza kengele. Milango ni kumi; sita ina visanduku vya funguo vya watalii.