Uzuri wa Shimonada usitufumbe macho

Stesheni ya Shimonada iko katika jiji dogo la Iyo, mkoa wa Ehime, kisiwani Shikoku, Japani. Njia moja ya reli, jukwaa moja, benchi chini ya kibanda, na mbele yake bahari. Hakuna mkuu wa stesheni wala mkata tiketi. Picha yake ilitumika mara tatu kwenye mabango ya Seishun 18, tiketi ya nafuu ya treni za kawaida, na siku hizi wageni wanamiminika, wengine kwa magari, kupiga picha jua likizama.

Pazuri kweli. Ninachokataa ni kuusifu upweke ule kana kwamba umejiotea wenyewe. Stesheni ilifunguliwa mwaka 1935, na zamani ilikuwa na wahudumu wake. Mwaka 1986 njia ya mkato ikapitishwa bara kupitia Uchiko, treni za haraka zikahamia huko, na reli ya pwani ikaachiwa treni za kawaida, mara nyingi behewa moja la dizeli. Mwaka uliofuata shirika la reli la taifa likabinafsishwa.

Mwenye macho na miguu yake hapati shida. Anapandia mlango wa nyuma na kuchomoa kikaratasi chenye namba. Akikaribia kushuka anatazama ubao wa nauli mbele, anadumbukiza sarafu kwenye kisanduku kando ya dereva, basi. Dereva ndiye konda. Utaratibu huu nauheshimu, maana unamwamini abiria.

Je, anayetumia kiti cha magurudumu? Katika vituo vingi vya aina hii hana budi kutoa taarifa mapema ili aletewe mtu wa kumsaidia kupanda. Mwenzake anaamka tu na kusafiri! Mwaka 2020 watu wenye ulemavu wa Oita, ng'ambo kisiwani Kyushu, waliishtaki kampuni ya reli ya JR Kyushu kwa kuondoa wahudumu vituoni, wakidai haki ya kusafiri kwa uhuru. Niko upande wao kabisa. Japani ina vituo takriban 9,500, na karibu nusu havina mhudumu.

Kama mshahara wa mhudumu wa kudumu haupatikani, basi dereva afunzwe, behewa liwekwe ubao wa kupandishia, na ratiba impe muda wa kushuka kusaidia. Safari itarefuka kwa dakika chache. Hizo tuzibebe sote, hata aliyefuata picha.