Uzalendo Unaodai Cheti

Ukiwakuta akina mama wamepiga magoti kwenye makaburi ya zamani ya mji mdogo wa Marekani, ndoo ya maji pembeni, brashi laini mkononi, huenda ni tawi la Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani. Brashi ya waya hawaigusi, wala dawa ya kung'arisha nguo: marumaru ya miaka 200 hulika upesi, na herufi zikishafutika ndiyo basi tena.

Chama chenyewe kilizaliwa kwa kununa. Wana wa Mapinduzi, chama cha wanaume kilichoanza mwaka 1889, waliwafungia wanawake mlango. Tarehe 11 Oktoba 1890 wanawake wakaanzisha chao mjini Washington, na Caroline Harrison, mke wa Rais Benjamin Harrison, akawa rais wake wa kwanza. Sharti kuu ni moja: uthibitishe kwamba unatokana moja kwa moja na mtu aliyesaidia kupigania uhuru wa Marekani kutoka kwa Waingereza. Si lazima awe alishika bunduki. Hata aliyewapelekea askari nafaka anahesabika.

Wanaokitetea wana hoja, tena si ndogo. Matawi yapo takriban 3,000, na kazi yao kubwa ni ile isiyo na shangwe: kunakili maandishi ya makaburini, wosia, na majina yaliyoandikwa kwenye kurasa za Biblia za familia, kisha kuyapeleka maktaba yao ya Washington iliyoanza mwaka 1896. Wageni wanapoapishwa kuwa raia, mara nyingi wanachama huwapo kuwapokea. (Inachekesha kidogo: chama cha wenye babu wa zamani kinampokea yule ambaye, kwa sharti lake, kwa kawaida hawezi kuwa mwanachama.)

Wakosoaji hukimbilia mwaka 1939. Ukumbi wa chama, Constitution Hall, ulikodishwa kwa wasanii weupe tu, na mwimbaji mweusi Marian Anderson akakataliwa. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alijiuzulu uanachama. Tarehe 9 Aprili Anderson aliimba kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln mbele ya watu wapatao 75,000.

Aibu ile ni ya kweli, lakini kwangu si hoja nzito kuliko zote. Kipengele cha mkataba wa kukodisha ukumbi hufutwa kwa kalamu. Kigumu ni cheti. Kila kizazi kinadai karatasi yake: nani alimzaa nani, wapi, lini. Sasa fungua orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860. Juu kuna jina la mmiliki. Chini yake umri, jinsia, rangi. Majina ya watumwa wenyewe, karibu kote, hayamo. Wengi wao waliandikwa kwa majina mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Mwacha mila ni mtumwa, tunaambiwa. Hapa mtumwa ndiye aliyenyimwa hata jina la kurithisha.

Tazama alivyoingia Karen Batchelor Farmer wa Detroit, mwanachama mweusi wa kwanza anayejulikana, mwaka 1977. Alipita kwa babu mzungu, William Hood wa Pennsylvania. Sharti halikulegezwa hata kidogo. Ni upande ule wa ukoo wake ndio uliokuwa na karatasi.

Hata hivyo siwezi kusema karatasi zitupwe. Bila ukali huo, ukoo ungegeuka hadithi za sebuleni, na kila mtu angejichagulia shujaa. Isitoshe, ni uchunguzi huohuo uliozaa kitabu ambacho chama kilichapisha mwaka 2008, chenye majina zaidi ya 6,600 ya weusi na wenyeji asilia waliohudumia Mapinduzi. Mengine ni jina moja tu, halina ukoo.

Kwa hiyo askari yumo kitabuni, na mjukuu yumo kwenye sensa ya 1870. Kati yao, tangu vita vilipokwisha mwaka 1783, kuna miaka 87 ambayo mara nyingi karatasi pekee iliyobaki ni hati ya mauzo.