Reginald McKenna aliifaa pesa zaidi benki kuliko serikalini

Akitajwa Reginald McKenna, mwanasiasa wa Uingereza aliyegeuka mwenye benki, watu hukumbuka ushuru wa 1915. Mimi naona huo ni mdogo ukilinganisha na hotuba alizowasomea wanahisa wa Midland Bank kila Januari.

Ushuru wenyewe una kichekesho chake. Chama chake cha Liberal kiliapia biashara huria, yaani bidhaa za nje ziingie bila ushuru wa kuzizuia, lakini vita vilikuwa vinamaliza fedha za kigeni na nafasi melini. Kwa hiyo Septemba 1915, akiwa Waziri wa Fedha, alitoza theluthi ya thamani ya magari ya starehe, saa na ala za muziki kutoka nje; magari ya biashara yalisamehewa. Bajeti hiyohiyo ilipandisha kodi ya mapato kwa asilimia 40 na kuchukua nusu ya faida ya ziada ya vita. Ushuru ulisemwa ni wa muda. Waziri wa Fedha Snowden aliufuta 1924, mrithi wake Churchill akaurudisha 1925, ukadumu hadi 1956. Wa muda, eti!

Mwaka 1918 alipoteza kiti cha ubunge. Mwaka uliofuata akawa mwenyekiti wa Midland, akakaa hapo hadi kifo chake 1943.

Januari 1924 aliwaambia wanahisa jambo ambalo wenye benki wengi walikuwa hawalikubali hadharani: kwamba mabenki huumba pesa. Utaratibu ni huu. Benki Kuu ya Uingereza ikinunua hati za mkopo wa serikali za pauni milioni moja, muuzaji hupeleka hundi kwenye benki yake, na akiba ya benki hiyo huko Benki Kuu hupanda kwa milioni hiyo. Mabenki ya Uingereza yalizoea kuweka taslimu karibu sehemu moja ya kumi ya amana. Basi hukopesha, mkopo wa huyu huwa amana ya yule, mpaka amana za mabenki yote zikaribie milioni kumi. Benki Kuu ikiuza hati, mambo hugeuka: mikopo hubanwa, bei hushuka, viwanda hupunguza watu. Yeye alisisitiza kwamba anayeshika usukani ni Benki Kuu, wala si mwenye amana.

Kwa kuwa aliyajua hayo yote, ndipo namlaumu. Machi 1925 alialikwa chakulani kwa Churchill pamoja na mwanauchumi Keynes, kujadili kurudisha pauni kwenye dhahabu, yaani kuifunga thamani yake kwa dhahabu, kwa dola 4.86, thamani ya kabla ya vita. Keynes alipinga, akiona kwamba kwa thamani hiyo bei za Uingereza ziko juu kwa takriban asilimia 10. P. J. Grigg, katibu wa Churchill, anasimulia kwamba McKenna alisema hakuna pa kukwepea, ila itakuwa jehanamu. Alijua kwamba kushusha bei kwa asilimia 10 ni kushusha mishahara, na bado akaridhia. Mwaka 1926 wachimba makaa ya mawe walitakiwa kukubali mishahara midogo zaidi, wakakataa, wakafungiwa nje ya migodi. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki nayo, 20 kwa pauni, ilifuata pauni ile dhahabuni.

Kiti cha Churchill kingeweza kuwa chake. Mwaka 1923 Waziri Mkuu Baldwin alimtaka arudi kuwa Waziri wa Fedha, naye akataka kwanza kiti cha ubunge cha City ya London. Hakikupatikana, akabaki benki. Pauni iliachana na dhahabu tarehe 21 Septemba 1931.