Moyo Ule Ulikuwa na Mwenyewe

Tarehe 7 Julai 1969 posta ya Afrika Kusini ilitoa stempu mbili kuadhimisha upandikizaji wa kwanza duniani wa moyo wa binadamu kwa binadamu. Ya senti 2½ ina sura ya Profesa Christiaan Barnard na hospitali ya Groote Schuur ya Cape Town. Ya senti 12½ ina mikono iliyoshika moyo.

Heshima aliyopewa Barnard siipingi. Tarehe 3 Desemba 1967 alithubutu kufanya jambo ambalo wenzake wa Marekani, walioanza majaribio kabla yake, walikuwa hawajalifanya. Ila stempu ya pili inaniuma kila nikiitazama. Mikono ni ya daktari, hilo halina ubishi. Na moyo je, ni wa nani?

Ulikuwa wa Denise Darvall, binti wa miaka 25. Jumamosi iliyotangulia upasuaji alikuwa na wazazi wake njiani kwenda kwa marafiki kunywa chai. Walipofika Observatory, kitongoji cha Cape Town, yeye na mama yake wakashuka kununua keki. Wakati wanavuka barabara kurudi garini, gari jingine likawagonga. Mama akafa palepale. Denise akafikishwa Groote Schuur, lakini ubongo ulikuwa umeumia kiasi cha kutopona tena. Baba yake, Edward Darvall, ambaye alikuwa mjane wa saa chache tu, akafuatwa na madaktari na kuombwa moyo wa mwanawe. Inasimuliwa kwamba alifikiri kwa dakika nne hivi, akakubali.

Dakika nne hizo ndizo ningependa zikumbukwe. Bila neno la mzee yule, Barnard asingekuwa na cha kupandikiza. Tena figo ya binti huyo alipewa mtoto wa miaka 10 ambaye sheria za nchi zilimwita chotara, na baba alikubali hilo pia. Louis Washkansky, mwenye duka la vyakula aliyepewa moyo, aliishi siku 18 akafa kwa nimonia. Moyo wenyewe ulifanya kazi yake vizuri.

Halafu kuna Clive Haupt, na hapa ndipo hasira inaponipanda. Haupt alikuwa kijana wa miaka 24, ndiyo kwanza ameoa. Alianguka ufukweni siku ya Mwaka Mpya 1968, na kesho yake Barnard akauhamishia moyo wake kifuani mwa Philip Blaiberg, daktari wa meno, Mzungu. Haupt naye kwa hesabu ya Makaburu alikuwa chotara. Sheria haikumruhusu kuishi mtaa mmoja na Blaiberg wala kukaa naye benchi moja. Moyo wake ndio ulioruhusiwa. Stempu zilipotoka Blaiberg alikuwa bado hai, moyo wa Haupt ukimdundia. Alifariki Agosti mwaka uleule. Serikali iliyotunga sheria zile ndiyo iliyochapisha stempu yenye moyo usio na jina.

Mazungumzo haya yakianza, wengi hukimbilia jina la Hamilton Naki, mfanyakazi Mweusi wa maabara, kwamba naye alikuwepo chumba cha upasuaji usiku wa upandikizaji ule wa kwanza, akafichwa kwa sababu ya rangi yake. Hakuwepo, na magazeti yaliyoandika hivyo alipofariki mwaka 2005 yalilazimika kujisahihisha. Mimi naona chumvi ile ilimpunja. Naki aliajiriwa Chuo Kikuu cha Cape Town kama mtunza bustani. Siku moja Profesa Robert Goetz akamwita amsaidie kumshika twiga, maana alikuwa akichunguza kwa nini mnyama huyo hazimii akiinama kunywa maji. Kutoka hapo Naki alibaki maabara, akajifunza kupasua wanyama wa majaribio na kuwashona, mpaka akawa anawafundisha madaktari vijana kupandikiza ini. Shule alikuwa ameiacha akiwa kijana mdogo. Alistaafu kwa pensheni ya mtunza bustani, na shahada ya heshima akaipata mwaka 2003. Hayo ya kweli yanatosha kabisa kumweka kwenye stempu.

Nayasema haya nikifikiria hapa kwetu. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na mchangiaji huwa ni ndugu wa mgonjwa: dada, kaka, mama. Huyo naye hulazwa, hupasuliwa akiwa mzima wa afya, na hurudi nyumbani na kovu. Siku Shirika la Posta Tanzania likitaka kutoa stempu ya upandikizaji, wapasuaji wetu wawekwe, wanastahili. Lakini kabla mchoraji hajashika kalamu, atafutwe mchangiaji mmoja aulizwe kama ataridhia sura yake iwe pembeni yao. Akikubali, jina lake lichapwe kwa herufi za ukubwa uleule.