Mwisho wa Reli Uko Wapi?

Mimi ni mtoto wa Dar. Treni niliyoizoea ni ile ya mjini, tuliyoibatiza "treni ya Mwakyembe", jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipoanza mwaka 2012: unapandia Ubungo, unabanwa Buguruni, unateremkia Stesheni. Behewa lolote sawa tu, bora upate pa kushika. Kwa hiyo shemeji aliponiita Kigoma nikawe msimamizi wake wa harusi, niliuliza swali moja: nishukie wapi?

"Shem, wewe lala," akacheka. "Kigoma ndiyo mwisho wa reli. Treni ikigoma kwenda mbele, umefika."

Nikalala mpaka Tabora. Giza lilishaingia, nikashuka kutafuta chai. Begi nikamwachia mama niliyekaa naye, aliyekuwa na jogoo ndani ya kikapu. Wenzangu huwa wanashika namba ya behewa. Mimi nilimshika jogoo.

Nikanywa chai, nikanunua na chupa ya asali, maana ukipita Tabora ukafika ugenini mikono mitupu utasema nini? Huku nyuma kichwa cha treni kinavuta mabehewa mbele, kinayarudisha, kinayagonga, ga! ga! Nikadhani dereva anatafuta pa kuegesha. Mara honi. Nikakimbia, nikapita dirisha hadi dirisha gizani mpaka niliposikia: kokoriko! Huyo huyo. Nikajipenyeza, nikakaa, nikafumba macho.

Kunapambazuka mkaguzi akanigusa bega. Akamulika tiketi, akanimulika usoni, akairudia tiketi.

"Kaka, unakwenda Kigoma?"

"Ndiyo. Mwisho wa reli."

"Hapa tunaingia Isaka. Mwisho wa reli hii ni Mwanza."

Behewa zima likaangua kicheko. Nikageuka kumtafuta mama yangu. Nikakutana na mzee kakumbatia jogoo mweupe, ananitazama kama mwizi wa kuku.

Isaka nikateremka na asali yangu. Lori hadi Nzega, basi hadi Tabora, na jioni nikawa tena mbele ya yule muuza chai. Kumbe mstaafu wa reli.

"Kijana," akasema huku akinimiminia, "Mjerumani alifikisha reli hapa 1912, Kigoma akafika 1914. Hiyo ya Mwanza kaimaliza Mwingereza 1928. Na ukifika Kaliua, kuna nyingine inachepuka kwenda Mpanda. Treni ikitoka Dar inakatwa hapa hapa, kila kipande na mwisho wake. Ina maana habari hizi huko kwenu bado hazijafika?"

Nikanyamaza. Akanitoza vikombe viwili. Cha jana nilikimbia bila kulipa.

Simu ikaita. "Shem, begi limefika!" Shemeji anahema kwa furaha. "Mama mmoja kanikabidhi stesheni, yeye na jogoo wake. Sasa wewe uko behewa gani, mbona watu wameisha?"

Nilifika Kigoma kwa basi, harusi imeshapita. Picha nimeoneshwa. Suti yangu imesimama vizuri kabisa kando ya bwana harusi, ndani yake yuko binamu yake, mrefu kuliko mimi, mikono ya koti imemkomea karibu na viwiko. Asali waliipokea.